Uraka: Somo la Kemia Chini ya Mkorosho

Wanachuo wenzangu, sekondari wengi wetu tulikariri uchachushaji kwa mstari mmoja: sukari na hamira hutoa alkoholi na kabonidioksidi. Mtihani ukaisha, somo nalo likaisha. Lakini fika Masasi au Newala msimu wa korosho, kuanzia Oktoba hivi, utaukuta mstari huo chini ya kila mkorosho, tena unanukia.

Mkorosho hutoa vitu viwili. Korosho inakwenda ghalani. Bibo, tunda lenyewe, ni zito mara kadhaa kuliko korosho yake na lina vitamini C nyingi kuliko chungwa, ila halikai. Likianguka leo, kesho limeanza kuharibika, ndo maana mengi huozea shambani. Mengine hukamuliwa, na maji yake yakilala siku moja mbili, unapata uraka.

Sasa, hamira imetoka wapi wakati hakuna aliyeitia? Ipo tayari kwenye ganda la tunda. Waingereza wanaotengeneza mvinyo wa maua ya porini hulazimika kuongeza sukari, maana ua lina harufu lakini sukari yake ni kidogo mno. Bibo linakuja na sukari yake, takriban gramu 10 katika kila gramu 100 za maji yake. Na joto letu linaharakisha kazi. Ukiuacha zaidi, bakteria huugeuza uraka kuwa siki.

Mwalimu wa fildi asiye na maabara anahitaji chupa mbili na maputo mawili tu. Chupa ya kwanza tia maji mabichi ya mabibo. Ya pili, yaliyochemshwa yakapoa. Vika kila mdomo wa chupa puto. Kesho yake puto la kwanza limesimama, la pili limelala. Waulize wanafunzi kwa nini. Jibu: moto umeua hamira. Haonji mtu, baada ya kipindi vyote vinamwagwa.

Usiikwepe gongo pia. Uraka ukichemshwa na mvuke wake kukusanywa, kilevi kinakuwa kikali, mnywaji hajui kipimo chake, na kisheria ni marufuku. Goa, India, wenzetu wana feni, kinywaji kikali cha mabibo, ila kina viwango, na mwaka 2009 jina lake lililindwa kisheria.

Kwa nini nayasema haya? Kwa sababu darasani atakuwepo mtoto ambaye daftari lake limenunuliwa kwa hela ya uraka. Tukimwambia tu pombe ni mbaya, atainama. Tukimwonyesha kwamba mama yake anaijua kemia, na kwamba bibo hilohilo linatoa juisi, jamu na siki, atanyoosha mkono kuuliza swali. Hapo ndo ualimu unapoanza.