Baiskeli ya Njia ya Mchanga: Nilichojifunza Nyamisati kwa Bumu Langu

Siku msimamizi wa chuo alipokuja kunitathmini mara ya kwanza, kipindi changu kilianza saa 2:20 asubuhi. Saa 2:20 mimi nilikuwa katikati ya mikorosho, nasukuma baiskeli mpya niliyoinunua kwa shilingi 280,000 za bumu. Nilifika saa 3 kasoro, sketi imejaa vumbi, mikono imejaa grisi. Msimamizi alikuwa amekaa dawati la nyuma, wanafunzi kimya. Hakunifokea. Aliandika tu kwenye fomu yake, na alama niliyopata siku ile ndiyo ya chini kabisa niliyowahi kupata tangu niingie chuo.

Nasoma ualimu, masomo yangu ni Fizikia na Hisabati. Fildi nilifanyia wilaya ya Kibiti, nikakaa Nyamisati kwa mama mdogo. Kwa usiyepajua: Nyamisati ni kijiji cha bandari kwenye delta ya Rufiji, ndipo abiria wa Mafia wanapopandia boti kwenda Kilindoni. Ukitoka Dar unafuata barabara ya Kilwa mpaka Bungu, halafu unakata kushoto zaidi ya kilomita 40. Barabara hiyo ina magari na bodaboda. Shule yangu haikuwa kwenye barabara hiyo. Ilikuwa kilomita 9 kutoka nyumbani, kwa njia ya miguu: mchanga, mizizi ya mikorosho, vifuu vya nazi, na sehemu mbili maji ya chumvi yanapopanda na kuacha tope jeusi la mikoko. Bodaboda kwenda na kurudi kila siku ingenimaliza. Nikaamua baiskeli.

Makala hii ni kwa mwanachuo yeyote atakayepangiwa sehemu kama ile, au anayetaka tu kuendesha njia za porini wikiendi. Sitaki urudie kosa langu la shilingi 280,000.

Kosa lenyewe

Baiskeli ya kwanza niliichagua kwa macho. Ilikuwa na gia 21, rangi nyekundu, shokapu mbele na shokapu nyuma. Muuzaji aliniambia, "Hii ndiyo maunteni yenyewe, dada." Wiki ya pili springi ya nyuma ilianza kulia kama mlango wa stoo. Kila nikikanyaga pedeli, mwili unazama na kuinuka. Nguvu niliyotakiwa kuipeleka kwenye gurudumu inaishia kwenye springi. Viungo vya fremu vikala mchanga vikaanza kucheza. Keria haikuwa na pa kufungwa, madaftari ya wanafunzi nikawa nabeba mgongoni. Siku ile ya tathmini ringi ya nyuma ilipiga nane na spoku tatu zikakatika kwa pamoja.

Nikaipeleka kwa fundi mmoja mzee, kibanda chake kiko karibu na bandari.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Baiskeli yako nzuri."

"Nzuri wakati imeharibika?"

"Nzuri kuitazama." Akavuta boksi la mbao kutoka chini ya benchi. "Kabla hujanunua nyingine, angalia humu. Kilichomo humu naweza kukutengenezea. Kisichokuwemo, utakifuata Dar."

Ndani mlikuwa na spoku, gololi, grisi, tyubu za 26 na za 28, nyaya za breki, mipira ya breki za ringi, cheni, na matairi ya Phoenix. Hamkuwa na springi wala sili ya shokapu. Hamkuwa na pedi za breki za diski. Hamkuwa na tairi la 29.

Nilikaa pale kama saa nzima, na nilijifunza zaidi ya nilivyojifunza dukani. Baiskeli ya njia ya porini huchaguliwa kwa mambo mawili: ardhi itakayopita, na boksi la fundi aliye karibu. Mengine yote yanafuata.

Kwanza: fremu

Kwa njia za namna hii chukua fremu ambayo nyuma ni ngumu, haina shokapu. Ni nyepesi, haina viungo vya kula mchanga, na keria inafungwa vizuri. Mbele tutakuja.

Fremu ndicho kitu pekee usichoweza kukibadilisha kidogo kidogo, kwa hiyo ukipata mtumba wenye fremu nzima na matairi yamekwisha, chukua. Ukipata wenye matairi mapya na fremu ina ufa, acha hata kama wanakupa kwa nusu bei.

Kagua hivi. Futa vumbi kwa kitambaa, angalia pale bomba la chini linapokutana na kichwa cha fremu, kisha pale krenki inapokaa. Nyufa huanzia huko. Rangi iliyovimba au yenye mikunjo midogo maana yake fremu imegonga kitu kwa mbele. Ukiona rangi mpya sehemu moja tu, uliza imeficha nini.

Halafu beba sumaku. Fundi alinipa ya spika ya redio mbovu. Sumaku ikinata, fremu ni ya chuma. Isiponata, mara nyingi ni ya alumini. Alumini ni nyepesi na haipati kutu nyekundu, lakini ikipasuka mchomeleaji wa kijijini hawezi kuishika kwa mashine yake ya kawaida. Chuma ni kizito kidogo, ila kinachomeleka karibu popote. Ukikaa karibu na maji ya chumvi, toa siti, mimina mafuta kidogo ndani ya bomba, igeuze fremu yaenee. Kutu ya pwani inaanzia ndani, ukiiona nje imeshachelewa.

Mwisho ni kipimo. Simama katikati ya baiskeli, miguu yote chini. Kati yako na bomba la juu ibaki nafasi ya sentimita 5 au zaidi. Kwenye mchanga utashuka ghafla mara nyingi, na bomba likiwa juu utajuta. Dada zangu wa ualimu tunaovaa sketi ndefu, tafuta fremu ambayo bomba la juu limeshuka kwa nyuma. Baiskeli ya kike yenye bomba la chini kabisa nayo inafaa, lakini nyingi nafasi yake ya tairi ni finyu. Pima kwa kidole: kati ya tairi na fremu kila upande kidole kipite.

Pili: foku

Wengi tunadhani baiskeli ya milimani bila shokapu si ya milimani. Historia inasema vingine. Baiskeli hizi zilianzia Kaunti ya Marin, California, miaka ya 1970. Vijana walichukua baiskeli nzito za zamani zenye matairi mapana wakashuka nazo milimani. Mwaka 1976 walianzisha mashindano yaliyoitwa Repack, kwa sababu breki ya ndani ya habu ya nyuma ilichemka mpaka grisi ikaungua, na baada ya mteremko habu ilibidi ifunguliwe na kujazwa grisi upya. Mwaka 1977 Joe Breeze akatengeneza fremu iliyokusudiwa kazi hiyo tangu mwanzo. Muda wote huo foku zao zilikuwa chuma kitupu. Foku ya shokapu ya RockShox ilikuja baadaye, mwaka 1989.

Kwa hiyo usiogope foku isiyo na shokapu. Foku ya shokapu ya bei rahisi ina springi tu, haina mafuta ya kupunguza mrusho. Inazama, halafu inakurusha. Aghalabu ina uzito wa zaidi ya kilo 2, wakati ngumu ya chuma ni kilo 1 na kitu. Mchanga na chumvi vikiingia kwenye sili zake, inaganda, na hapo unakuwa umebeba uzito wa shokapu bila faida yake.

Kama baiskeli unayoitaka imekuja na foku ya shokapu, ifanyie majaribio matatu. Angalia zile nguzo mbili zinazozama: ziwe laini zinang'aa, zikiwa na vidonda vya kutu achana nayo. Kandamiza usukani kwa uzito wako: izame bila kukwama na irudi bila kukurusha. Kisha shika breki ya mbele, isukume baiskeli mbele na nyuma: ukisikia inagonga, mipira ya ndani imekwisha, au kichwa kimelegea.

Mzamo wa milimita 80 mpaka 100 unatosha kabisa. Usifunge foku ndefu kuliko ile fremu iliyotengenezewa. Inainua mbele, usukani unakuwa mzito kugeuka, na kichwa cha fremu kinabeba mzigo usio wake. Ukibadilisha shokapu kwa foku ngumu, pima kutoka ekseli mpaka chini ya kichwa, utafute yenye urefu unaokaribiana. Pima pia unene wa bomba la foku linaloingia kwenye fremu: za zamani ni milimita 25.4, nyingi za baadaye ni 28.6. Haziingiliani.

Tatu: magurudumu

Hapa ndipo pesa yako iende. Kwenye mchanga tairi lina kazi kubwa kuliko shokapu yoyote.

Chukua mfano wa darasani. Mimi, baiskeli na mfuko wa madaftari tuna kilo 80 hivi, yaani niutoni 800. Gurudumu la nyuma likibeba asilimia 60, ni niutoni 480. Kanieneo ni kani gawa kwa eneo. Ukijaza upepo psi 60, eneo linalogusa ardhi ni karibu sentimita za mraba 12. Ukishusha mpaka psi 25, linakuwa karibu 28. Zaidi ya mara mbili, kwa kutoa upepo tu bila kununua kitu. Ila tairi liwe pana, inchi 2.1 au zaidi, lenye kashata za wastani. Tairi jembamba ukilishusha hivyo, tyubu itabanwa kwenye ringi ukigonga mzizi na utapata pancha ya matundu mawili kama kuumwa na nyoka.

Sasa kipenyo. Gurudumu kubwa linapanda mizizi na kupita mchanga kwa urahisi zaidi, hilo ni kweli. Lakini kumbuka boksi. Na kuna mtego kwenye namba. Tairi la 28 la Phoenix haliingii kwenye ringi ya 29, na kinyume na unavyodhani, la Phoenix ndilo lenye tundu kubwa zaidi. Usisome inchi, soma milimita zilizoandikwa ubavuni mwa tairi: 559 ni ya 26, 584 ni ya 27.5, 622 ni ya 29, na 635 ni ya 28 ya Phoenix. Namba hizo zikilingana, tairi linaingia. Zisipolingana, halitaingia hata fundi akilipiga nyundo.

Mimi nilichukua 26, kwa sababu tyubu zake zilikuwemo kwenye boksi. Ringi ziwe za alumini, maana ringi ya chuma ikilowa breki haishiki. Zungusha gurudumu uone kama linayumba. Binya spoku mbili mbili kwa vidole, zote ziwe na mkazo unaokaribiana. Iliyolegea inawaachia wenzake mzigo, nao wanakatika. Spoku 36 ni bora kuliko 32 kama unabeba mizigo. Shika tairi ulisukume kushoto na kulia: likicheza, gololi za habu zinahitaji kukazwa au kubadilishwa.

Hesabu yangu

Ile nyekundu niliiuza 120,000. Mama mdogo akanikopesha 135,000. Mbagala nikapata mtumba wa chuma, nyuma ngumu, foku ngumu, breki za ringi, kwa 190,000. Matairi mawili ya inchi 2.1, elfu 40. Tyubu, grisi na kazi ya fundi, elfu 25. Jumla 255,000, chini ya bei ya ile ya kwanza. Deni la mama mdogo nililimaliza mwezi wa pili baada ya kurudi chuo.

Msimamizi alikuja tena wiki ya sita. Siku hiyo nilifika nusu saa kabla ya kipindi. Mada ilikuwa kanieneo, kidato cha kwanza. Nikawatoa wanafunzi nje, nikaegemeza baiskeli mchangani, wakapima kwa rula alama ya tairi likiwa limejaa na likiwa limepunguzwa upepo. Alama za pili hazikufuta za kwanza, wastani ni wastani. Lakini kijana mmoja anayesukuma Phoenix ya baba yake kila asubuhi aliniuliza kama na yeye apunguze upepo. Nikamwambia kidogo tu, tairi lako ni jembamba. Tulikokotoa pamoja mpaka psi ngapi.

Baiskeli sikurudi nayo chuo. Nilimwachia binti wa mama mdogo, ameingia sekondari mwaka huu. Bomba la juu linamtosha, tulipima. Wiki iliyopita alinitumia ujumbe: spoku moja ya nyuma imekatika asubuhi, mchana fundi ameshaweka nyingine.