Kuvu Ndogo, Sumu Kubwa

Leo naomba tuzungumze kuhusu adui wa ghalani asiyeogopa hata moto.

Likizo ya Agosti nilikuwa kwa nyanya, Makueni. Nilimkuta akiosha mahindi yaliyoshika kuvu ya kijani. "Nitayaanika kisha niyachemshe sana," akasema. "Moto huua kila kitu, mjukuu wangu." Nikabaki kimya. Kumkosoa mzee si mchezo, lakini haya nilikuwa nimeyasoma darasani.

Kuvu hiyo ni Aspergillus flavus, nayo hutoa sumu iitwayo aflatoksini. Wataalamu waliifahamu baada ya mwaka wa 1960, bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa Uingereza. Kumbe walikuwa wamelishwa mashudu ya njugu yenye sumu hiyo! Haionekani kwa macho, na joto la sufuria haliimalizi. Huharibu ini. Ikiwa nyingi, huua upesi. Ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka mingi, huweza kuleta saratani ya ini. Mwaka wa 2004 hapa Kenya, watu 317 waliugua na 125 wakafa, wengi wao wa Makueni na Kitui. Mahindi yalikuwa yamehifadhiwa yakiwa na unyevu.

Basi nilimweleza nyanya kwa upole. Akanitazama, akauliza, "Na nikiyatupa, tutakula nini?" Sikuwa na jibu. Tulifukia debe mbili, na usiku ule tukala viazi.

Jibu nililipata baadaye: sumu hii haishindwi jikoni, hushindwa kabla ya mahindi kufika ghalani. Tuanike juu ya turubai, si juu ya udongo. Unyevu usizidi asilimia 13. Tia mahindi na chumvi kavu ndani ya chupa kavu, utikise. Chumvi ikinata kwenye chupa, bado hayajakauka. Magunia yakae juu ya mbao. Tena yaliyooza tusimpe ng'ombe, maana sumu hupita hadi kwenye maziwa. Watafiti nao hawajalala: mwaka wa 2015 Kenya ilisajili Aflasafe KE01, yaani kuvu wenzake wasio na sumu, wanaomwagwa shambani ili wamnyime nafasi yule mbaya.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mkifika nyumbani likizo hii, chunguzeni ghala kwanza.