Leo Siruki: Kwa Mnaopaa na Marafiki Wakati wa Baridi

Wiki hii barua za wachumba na mawifi zitasubiri, kwa sababu kuna barua moja imenikaa moyoni. Imetoka kwa binti Mkenya anayefanya kazi ya uuguzi Minnesota, kule Marekani ambako Wakenya wengi wamejenga maisha yao. Kazini amepata marafiki wanaorusha paramota: ile injini unayoibeba mgongoni, panga lake limezungushiwa kizimba, na juu yako linatanda bawa la kitambaa lililoshikwa kwa kamba nyingi nyembamba. Aliingia shule kiangazi, akamaliza mafunzo, akaruka mpaka majani yalipopukutika. Sasa ziwa limeganda, wenzake wamepanga kupaa Jumamosi kutoka juu ya barafu, na yeye ana hofu. "Dada, nikikataa wataniona mwoga. Nikikubali, sijui najiingiza katika nini. Na mama huko nyumbani hajui hata kwamba naruka. Nifanyeje?"

Mdogo wangu, sikukatazi. Nataka nianze na hilo ili usisome mengine yote kama makemeo.

Na wenzako si wendawazimu. Kiangazi, jua la mchana huchemsha ardhi, hewa moto hupanda kwa vishindo, na bawa la kitambaa hurushwarushwa. Ndiyo maana wanaoruka huamka alfajiri au husubiri jioni. Wakati wa baridi jua liko chini, theluji inarudisha mwanga wake angani, ardhi haipati joto, na mara nyingi hewa hutulia hata saa sita mchana. Hewa baridi pia ni nzito, kwa hiyo bawa linashika vizuri na injini inasukuma kwa nguvu. Anayeniambia kwamba hajawahi kuona kitu kizuri kama nchi nyeupe iliyotandazwa chini ya miguu yake, namwamini.

Sasa tuongee kuhusu baridi yenyewe, maana wewe umelelewa mahali ambapo sweta moja linatosha asubuhi ya Julai. Kipimajoto kikisema nyuzi 10 chini ya sifuri, na wewe unakata hewa kwa kilomita 40 kwa saa, ambayo ndiyo mwendo wa kawaida wa paramota, ngozi iliyo wazi inapoteza joto kana kwamba ni nyuzi 21 chini ya sifuri. Ikiwa nyuzi 20 chini ya sifuri, ngozi itahisi nyuzi 34 chini ya sifuri. Na huko juu umekaa tu. Hutembei, huchezeshi mwili, hakuna ukuta wa kujibanza. Kupanda kwa kawaida kunaongeza baridi, karibu nyuzi 6 na nusu kwa kila mita 1,000, ingawa asubuhi tulivu mambo hugeuka: baridi kali hulala bondeni, na ukipanda kidogo unakuta ahueni. Usiitegemee ahueni hiyo. Vaa kwa ajili ya nambari mbaya.

Adui wa kwanza ni jasho. Utabeba mzigo wa kilo 25 au 30 kwenye theluji, utatandaza bawa, utakimbia. Ukiwa umejifunika kila kitu utalowa kabla hujaondoka ardhini, na dakika kumi baadaye jasho hilo litakuwa baridi mwilini. Kwa hiyo fanya matayarisho zipu zikiwa wazi, hata ukihisi baridi kidogo, halafu funga kila kitu mwishoni. Ya kugusa ngozi iwe sufu au kitambaa cha michezo kinachotoa unyevu. Fulana ya pamba iache nyumbani, ikishalowa haikusaidii tena.

Mikono inahitaji aya yake. Unapoendesha bawa, mikono imeinuliwa usawa wa mabega, damu inashuka, na vidole ndivyo vya kwanza kufa ganzi. Vidole hivyo hivyo ndivyo vinavyovuta breki za bawa na kushika kishikio cha mafuta. Glavu zenye betri zinafaa, na wengine hutumia vifuko vya upepo vinavyofunika mkono mzima pamoja na kishikio. Lakini zijaribu ukiwa ardhini, injini imezimwa: je, unaweza kuachia mafuta haraka? Unaweza kubonyeza swichi ya kuzima bila kutazama? Unaweza kuvuta mpini wa parachuti ya akiba? Glavu isiyokuruhusu kufanya hayo matatu, hata iwe na joto namna gani, usipande nayo.

Kuna jambo ambalo vitabu vingi vya huko havikuandikii wewe. Vinasema ngozi inayoanza kuganda huwa nyekundu, kisha nyeupe. Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Utaona rangi ya kijivu, kama majivu, au hutaona kitu kabisa. Kwa hiyo usitegemee macho, tegemea hisia. Kidole kilichokuwa kinauma kikiacha kuuma ghafla bila wewe kupata joto, hiyo si nafuu. Shuka. Ukifika chini usikisugue, usikipakaze theluji, usikisogeze kwenye moto, maana hakihisi na kitaungua. Kama ngozi imeshaganda, maji ya vuguvugu ya nyuzi 37 hadi 39, na uyatumie tu ukiwa na uhakika hakitaganda tena njiani. Wewe ni muuguzi, haya unayajua kwa wagonjwa wako. Nakukumbusha kwa ajili ya vidole vyako mwenyewe.

Na hili nawaambia wasichana wote mnaonisoma: mtandio, skafu, kanga uliyojifunga shingoni kwa sababu ya baridi, nywele ndefu za kusuka, hata uzi wa kofia, vyote ni chakula cha panga linalozunguka mgongoni pako. Jifunike kwa kofia ya kuvuta inayoziba uso na shingo, suka nywele uzifiche ndani, asiachwe mtu mwenye ncha inayopepea. Wanaofuatilia ajali za mchezo huu, akiwamo Jeff Goin aliyeandika kitabu cha mafunzo kinachotumiwa sana Marekani, wamerudia kwa miaka kwamba majeraha makubwa mengi hutokea mtu akiwa bado ardhini, anawasha injini, mkono ukigusa panga. Baridi inaongeza hatari hiyo: injini imegoma, kamba umeivuta mpaka umechoka, glavu ni nene, umeongeza mafuta kidogo "ili ishike", halafu inashika kwa nguvu zote. Kabla ya kuwasha, hakikisha kishikio cha mafuta hakijabanwa, na mwenzako athibitishe kwa macho yake.

Ikishawaka, iache ipate joto. Injini hizi nyingi ni za mipigo miwili. Ukiipa mafuta yote ikiwa baridi, pistoni inatanuka haraka kuliko silinda inayoizunguka na inaweza kukwama. Na kwa kuwa hewa baridi imejaa zaidi, kabureta iliyorekebishwa kwa kiangazi inaweza kutoa mafuta kidogo mno kulingana na hewa, na injini ikaungua huku wewe unasikia tu kwamba inavuma vizuri. Muulize fundi aliyekuuzia, kabla ya Jumamosi.

Barafu ya ziwa sasa. Idara ya Maliasili ya Minnesota inashauri mtu asikanyage barafu yenye unene wa chini ya inchi 4, yaani sentimita 10, na hiyo ni barafu mpya iliyo angavu. Ile nyeupe yenye theluji ndani yake ina kama nusu ya nguvu hiyo. Idara hiyo hiyo inasema hakuna barafu iliyo salama kabisa. Toboeni, pimeni, pimeni tena sehemu nyingine, na mkae mbali na mahali mto unapoingilia. Gari libaki ufukweni, linahitaji unene zaidi ya mara mbili. Ukivaa vyuma vya kuzuia kuteleza chini ya viatu, angalia visishike kamba za bawa, na viatu vyenyewe visiwe na ndoano za kufungia. Ukitua, shusha bawa chini papo hapo. Kwenye barafu hakuna cha kukuzuia, upepo mdogo tu utakuburuta. Na siku ya mawingu, theluji na anga vinakuwa rangi moja, jicho linashindwa kukisia ardhi iko mita ngapi chini. Tua karibu na miti, uzio au nyayo zenu, kitu chochote cheusi kinachokupa kipimo. Maji yaliyo wazi, ambayo hayakuganda, usiyapite kwa chini. Ukiangukia humo na injini mgongoni, baridi na uzito vinakukamata kwa pamoja.

Nimefika kwa marafiki, na ndiyo hasa uliyoniuliza.

Marekani, sheria iitwayo Part 103, ya mwaka 1982, inamruhusu mtu mmoja kurusha chombo chepesi cha chini ya kilo 115 bila leseni yoyote, mradi iwe mchana na asipite juu ya makazi yenye msongamano. Yaani hakuna ofisa atakayekuja ziwani kukuambia hufai leo. Wanaobaki ni wewe na hao ulioenda nao. Kwa hiyo rafiki wa kuruka naye hachaguliwi kwa ucheshi wala kwa ustadi wa kupiga picha angani. Tazama anafanya nini mtu wa kundi anaposema "leo siruki." Kama kuna minong'ono, kuguna, maneno ya "tumeendesha gari saa mbili kwa ajili yako", hilo kundi litakupandisha siku moja katika upepo usioutaka. Wakisema "sawa, basi shika redio utuangalie," hao ndio watu wako.

Baridi hufanya jambo hili kuwa gumu zaidi kuliko kiangazi. Kila mtu anatetemeka, kila mtu anataka kumaliza, na mwanga wenyewe ni mfupi: Desemba, Minneapolis, jua huchomoza karibu saa mbili kasoro robo asubuhi na kuzama kama saa kumi na nusu jioni. Mtu anayetetemeka huruka hatua za ukaguzi. Fanyeni ukaguzi mwingi usiku wa kuamkia, ndani ya nyumba yenye joto: kamba, mikanda, mafuta, parachuti ya akiba. Asubuhi mnakaguana wawili wawili, kila mmoja akigusa kwa mkono vifungo vya mwenzake. Na mmoja asipande kabisa, abaki na gari, redio, chupa ya chai na blanketi, akijua nani yuko juu na atarudi lini. Hiyo nafasi ni ya heshima, izungushwe. Mwenzenu akishuka anakokota maneno, anadondosha vitu, anajikwaa, mwingizeni ndani ya gari. Kwake siku imekwisha, hata akiapa yuko sawa.

Angani, msikaribiane. Bawa linaacha nyuma yake mvurugo wa hewa usioonekana, na anayeuingia kwa ghafla anaweza kuona bawa lake likikunjika. Tena kofia na miwani ya baridi zinapunguza upana wa macho. Mnamfahamu Sacha Dench? Mwaka 2016 mwanamke huyu aliruka na paramota kutoka eneo la Aktiki la Urusi mpaka Uingereza, kama kilomita 7,000, akifuata njia ya bata maji wanaohama kukimbia baridi. Ni fahari kwetu sote tunaoambiwa anga si ya wanawake. Lakini Septemba 2021, kwenye milima ya Scotland, yeye na rubani mwenzake Dan Burton waligongana angani. Burton, mtu mwenye uzoefu, alifariki; Dench aliumia vibaya sana. Sikutajii kukutisha. Nataka Jumamosi yenu iwe na makubaliano ya wazi kabla ya kuwasha injini: nani anatangulia, mnazunguka upande gani, umbali gani, na nani anapigiwa redio kabla ya kusogelewa.

Wewe ni mwanafunzi wa kiangazi, hujawahi kuinua bawa kwenye theluji. Ningekuwa wewe, ningewaandikia hivi leo: "Nakuja Jumamosi. Nitainua bawa nikiwa chini ili nizoee barafu, kisha nitashika redio. Kupaa nitaamua siku nyingine, na mwalimu akiwepo." Tuma, usiongeze maelezo, wala usiombe radhi. Majibu yao yatakuambia zaidi ya nilivyoweza kukuambia mimi. Ila kama wakijibu kwamba mmoja wao atakufundisha hapo hapo ziwani, shukuru na ukatae. Upendo wa rafiki haumfanyi awe mkufunzi.

Kuhusu mama. Mwambie. Usimwambie kwa picha ya ghafla kwenye WhatsApp ukiwa unaning'inia angani, maana hata angekuwa na moyo wa chuma atapiga yowe. Mpigie akiwa amepumzika, mweleze ulisoma wapi, unavaa nini, nani anabaki chini kukuangalia. Atalia kidogo, ataomba, pengine atakukemea. Mwachie namba ya simu ya rafiki yule wa kwenye gari na saa mnayotarajia kuwa mmeshuka wote, kwa saa za Nairobi ili asihangaike kuhesabu. Na kabla hujampigia, kama una bima ya maisha, toa mkataba wake uusome vizuri mahali panapotaja michezo ya angani, kwa sababu najua jina lililoandikwa pale la mrithi ni lake.