MAUA YA PASAKA KUTOKA BUSTANI ZETU



Wakati wa Kwaresima altare kwa kawaida hukaa bila maua. Ikifika Jumamosi Kuu, wapambaji huhangaika huku na huku wakitafuta. Katika somo hili tujifunze kuotesha maua ya vitunguu nyumbani, yachanue wakati wa Pasaka.

Huko Ulaya, tulipu na dafodili huchanua baridi kali inapokwisha. Vitunguu vyake huhitaji kukaa katika baridi hiyo wiki 12 au zaidi. Lushoto kuna baridi mwezi wa Julai, lakini si ya namna ile. Kwa hiyo tukiletewa tulipu kama zawadi, tusishangae zikitoa majani matupu. Kwetu sisi, majira ya kuchipua ni masika. Yatufaa maua yanayolala wakati wa ukavu na kuamka kwa maji. Mojawapo ni amarilisi, ua kubwa lenye umbo la tarumbeta, ambalo asili yake ni Amerika ya Kusini.

Tufuate kalenda ya Kanisa, nayo itatuongoza:

1. Tupande katika debe lililotobolewa chini, lenye udongo, mchanga kidogo na samadi iliyooza. Shingo ya kitunguu ibaki juu ya udongo.

2. Majilio yanapoanza, tuweke debe upenuni, mvua ya vuli isilifikie, wala tusimwagilie. Majani yakinyauka tusiogope, kitunguu kimelala.

3. Jumatano ya Majivu, tulitoe penye mwanga, tuanze kumwagilia kidogo kidogo. Toka siku hiyo hata Pasaka ni siku 46. Amarilisi kwa kawaida huchukua wiki 6 hadi 8 kuchanua, basi mwenye madebe mawili aanze moja wiki mbili mapema.

4. Ua likiisha, tukate kikonyo chake, tuyaache majani. Hayo ndiyo yanayokilisha kitunguu kwa mwaka ujao.

Liko pia ua la Afrika yetu, jekundu na la mviringo kama mpira, linalotoka ardhini mvua zinapoanza. Hilo tusiling'oe msituni. Tuombe kitunguu kwa jirani mwenye nalo bustanini.

Jambo moja ni la hatari. Vitunguu vya maua haya yote vina sumu. Visiwekwe jikoni wala karibu na vitunguu vya kula, na watoto na mbuzi wakae mbali navyo.

Mtume Paulo, katika 1 Wakorintho 15, anaeleza ufufuo kwa mfano wa mbegu inayopandwa. Katika miezi ile ya ukavu, mtu akilitazama debe letu atadhani limebeba kitu kilichokufa. Tulitunze vivyo hivyo kwa saburi, ili asubuhi ya Pasaka tulete mbele ya Bwana kazi ya mikono yetu wenyewe.