Mama mchungaji, leta kaunta buku

Mdogo wangu, barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilikuwa nachambua mchele, na jioni tukatafuna mawe nyumba nzima.

Kwa nyinyi wengine mliosogea kibarazani leo: aliyeniandikia ni mke wa mchungaji, usharika wa kijijini, watoto watatu. Simu ya mumewe ilikuwa kwenye chaji sebuleni, ikawa inaita, inakata, inaita tena. Akapokea akidhani kuna mgonjwa wa kuombewa. Kijana wa upande wa pili hakusalimia. Alisema rejesho la jana halijaingia, na kama la leo nalo halitaonekana kufikia saa kumi, wanakuja kubeba makochi. Ndivyo mama mchungaji alivyojua kwamba baba mchungaji ana mkopo wa kausha damu. Jioni hiyohiyo mchungaji alikuwa na kipindi cha Biblia, na somo lilikuwa uwakili wa Kikristo. Dada yetu anauliza: nimwambie nini mume wangu, na yeye atasimamaje tena mbele za watu kufundisha habari za fedha?

Tuanze na hesabu. Kulia tutalia baadaye.

Umesema alikopa 300,000, rejesho 15,000 kila siku kwa siku 30. Zidisha: ni 450,000. Mshahara wake ni 420,000, tena unapokuja kwa wakati. Yaani hata angempa yule kijana mshahara mzima bila kununua chumvi, bado angedaiwa 30,000. Mkopo wa namna hii mwenye mshahara kama huo huulipa kwa mkopo mwingine, kwa hiyo jiandae kusikia majina mawili matatu ambayo hujayasikia bado. Na ujue jambo moja: Benki Kuu imewawekea wakopeshaji wa daraja la pili, wale wenye leseni wasiopokea amana, ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa laki tatu hiyo ni 10,500. Huyu wenu anachukua 150,000. Mwombeni nakala ya mkataba na namba ya leseni, kwa upole, kwa maandishi. Wengi wao wakiombwa karatasi sauti hushuka.

Alikopea nini? Hapa ndipo nilipomhurumia shemeji yangu. Mtoto alichaguliwa kidato cha kwanza, shule ya bweni. Ada ya serikali ilifutwa tangu 2016, lakini fomu ya kujiunga iko palepale: godoro, shuka, ndoo, jembe, fagio, rimu ya karatasi, sare pea mbili. Wazee wa kanisa hakuwaambia, kwa sababu mchungaji huishi kwa imani, na imani haina fomu ya kujiunga. Hakucheza kamari wala hakujenga nyumba ndogo. Alinunua godoro.

Kwa hiyo usiku huu usianze na "kwa nini ulinificha". Hilo swali una haki nalo, liweke wiki ijayo. Anza na yule mjane wa Wafalme wa Pili, sura ya nne. Mume wake alikuwa mmoja wa wana wa manabii, yaani kwa lugha yetu ya leo mtu wa huduma kabisa, tena mcha Mungu, mjane mwenyewe anamshuhudia hivyo. Akafa na deni, na mdai akawa njiani kuja kuwachukua watoto. Nimesikia mahubiri mengi juu ya mafuta yale yaliyojaza vyombo, mengi yakiishia kwenye muujiza. Mimi hunasa mahali pawili. Elisha hamuulizi marehemu alikopa wapi. Anauliza nyumbani kuna nini. Na mafuta yalipopatikana, maagizo yana mpangilio: auze, alipe deni, kisha yeye na wanawe waishi kwa kilichobaki. Deni limetangulia chakula cha kesho. Someni pamoja, halafu mwulize mumeo hilohilo: nyumbani tuna nini?

Ndipo ulete kaunta buku. Ile kubwa, yenye gamba gumu.

Ukurasa wa kwanza andikeni kila anayewadai, kiasi, na tarehe. Mangi wa dukani aandikwe. Shemeji wa mjini aliyesema "msijali, mtalipa mkipata" naye aandikwe, maana anajali. Ukurasa wa pili ni mapato, na hapa familia za wachungaji hujidanganya. Tunasema tunaishi kwa mshahara. Jumapili iliyopita baada ya mnada wa kanisani mlirudi na nini? Umeniandikia mwenyewe: trei ya mayai mliyonunuliwa na mzee mmoja, mkungu wa ndizi, jogoo, na elfu kumi aliyokamatishwa mchungaji mkononi akipeana salamu mlangoni. Hayo ni mapato. Yaandikwe kwa bei ya sokoni. Mkiyajumlisha mwezi mzima mtashangaa, na pia mtaona kwa nini hayakai: mayai yameliwa na wageni, jogoo kachinjiwa kwaya, na elfu kumi imempa lifti bibi aliyekuwa anaumwa.

Ukurasa wa tatu, kadi. Mdogo wangu, niambie ukweli, zimepangwa ngapi juu ya kabati? Mchungaji ndiye mtu anayealikwa kwenye kila harusi, send-off na kipaimara cha usharika mzima, na kila kamati humwekea kiwango kama cha mkurugenzi. Mimi nasema wazi, wazee wa kanisa wanisikie: mchungaji anayefungisha ndoa ameshachanga. Amewafundisha wachumba, amesimama saa mbili juani kwenye picha. Akiweza kuongeza zawadi ndogo, baraka. Akishindwa, asikope ili jina lake lisomwe kwenye kundi la WhatsApp.

Sasa makochi. Uzeni wenyewe. Ndiyo, hayohayo. Yule kijana akiyabeba atayapangia bei yake. Mkiyauza nyinyi, bei ni yenu, na mwenye riba kali kuliko wote amelipwa. Wageni watakalia viti vya plastiki, na hakuna atakayeacha wokovu kwa sababu hiyo. Kilichobaki kikusanyeni mahali pamoja: kama mchungaji ni mwanachama wa SACCOS, aombe mkopo wa kufuta madeni ya nje, halafu alipe hapo tu, kwa makato ya mwezi. Wewe umesema uko VICOBA. Usichukue mkopo wa kikundi kwa jina la biashara ukaupeleka kwa kausha damu bila kuwaambia wenzako. Mzigo wa siri ukihama bega unabaki mzigo wa siri.

Nimefika mahali nilipokuwa napazungukazunguka.

Umeandika kwamba sadaka ya Jumapili hulala nyumbani kwenu mpaka Jumatatu au Jumanne, mhazini akipata pikipiki ya kwenda benki. Na kwamba washarika walio mjini hutuma ahadi zao kwenye namba ya simu ya mchungaji, kwa sababu ndiyo waliyo nayo. Sijauliza kama amegusa. Nakuomba wewe umuulize, mlango ukiwa umefungwa, na akisema ndiyo usipige yowe. Mtu mwenye rejesho la saa kumi, na mfuko wa kaki chini ya kitanda, hufikiria neno moja tu: nitarudisha. Huenda amesharudisha mara nne. Mara ya tano ndiyo hufukuzisha watu kazi, na jina la baba wa watoto wako likasemwa kisimani.

Kama amegusa, aende kwa mkuu wake kabla hajaitwa, na kiasi kimeandikwa kwenye karatasi. Kama hajagusa, Jumapili hii hii sadaka isilale kwenu. Ihesabiwe kanisani na watu wawili au watatu, iandikwe, wasaini, iondoke na mhazini. Usharika ufungue lipa namba kwa jina la kanisa, na ile namba ya mchungaji itangazwe kwamba haipokei tena. Watu watasema mchungaji anajishuku. Paulo alipokusanya mchango wa watakatifu wa Yerusalemu hakuubeba peke yake. Alitaka ndugu waliochaguliwa na makanisa wasafiri nao, na katika Wakorintho wa Pili sura ya nane anaeleza sababu, kwamba hakutaka mtu apate la kumlaumu. Paulo huyo! Sembuse sisi wa mfuko wa kaki.

Baba yangu alikuwa mchungaji, kwa hiyo haya siyasemi nikiwa nje ya uzio. Tumekaa nyumba tano za kanisa. Ya mwisho ilikuwa Njombe, na nyuma ya jiko alipanda miparachichi kumi na miwili, akaimwagilia kwa debe. Alistaafu mwaka ilipoanza kuzaa vizuri. Aliondoka na kabati la vitabu, baiskeli, na saa ya ukutani aliyopewa siku ya kuagwa, ile saa inayoandikwa maneno ya shukrani. Kiwanja hakuwa nacho. Tulikaa kwa baba mdogo miezi tisa, mama yangu akiomba nafasi kwenye jiko la mwanamke mwingine, yeye aliyekuwa akipikia wageni wa dayosisi nzima. Nakumbuka akiuliza chumvi iko wapi, kwa sauti ya mgeni. Baba alihubiri uwakili kila msimu wa mavuno, na alihubiri vizuri.

Ndiyo maana nasema deni likipungua hata nusu, akiba ianze, hata 10,000. Kibubu kwanza, ili godoro lijalo lisikutane na kausha damu. Halafu uzee. Muulizeni mhazini swali hili kwa barua: je, mchungaji anachangiwa NSSF? Mwajiri wa sekta binafsi anapaswa kupeleka asilimia 20 ya mshahara, na mfanyakazi hakatwi zaidi ya nusu ya hiyo. Kama anachangiwa, ombeni taarifa ya michango muione kwa macho, maana kukatwa na kupelekwa ni safari mbili. Wachungaji wa makanisa yanayojitegemea, ambao hawana mwajiri na huishi kwa zaka za waumini, nanyi mnaweza kujiandikisha kama waliojiajiri. Kiwanja kiandikwe majina ya wote wawili. Hapo sielezi zaidi, muulizeni mjane yeyote wa mchungaji.

Kuhusu kufundisha. Asiache kufundisha, ila abadilishe mahali pa kusimamia.

Neno lenyewe, uwakili, limempotea msikilizaji. Kijana akisikia "wakili" anamwona mtu wa joho mahakamani. Mumeo aende kwenye kibanda cha miamala pale stendi, amwangalie yule binti. Wakala na wakili ni ndugu, mzizi wao wa Kiarabu ni mmoja. Binti kaajiriwa, floti si yake, pesa ya droo si yake. Siku nzima mamilioni yanapita kwenye vidole vyake, na jioni anakaa na mwenye kibanda, wanajumlisha ya simu na ya droo, na jumla lazima ikubali. Akila floti, hata kama ana njaa kweli, kesho mteja atakuja na kibanda kitakuwa kimefungwa. Mtu aliyeona jambo hilo hahitaji kuelezwa mfano wa Luka kumi na sita kwa dakika arobaini. Tena amwombe binti mwenyewe aje kwenye kipindi aeleze anavyofunga hesabu. Washarika watamsikiliza kuliko walivyomsikiliza mchungaji, na hiyo isimuume.

Afundishe pia yale mafungu tisa. Makanisani tunahubiri fungu la kumi kila bati linapovuja, lakini tisa yaliyobaki tunayaacha yaende nyumbani bila mchungaji, na hukohuko ndiko kausha damu anakosubiri. Afundishe kusoma mkataba. Afundishe kukataa kadi. Na zile ahadi za kupanda mbegu, kwamba ukitoa laki utarudishiwa milioni, azikwepe kama moto. Mama mwenye genge la nyanya akishakopa ili apande mbegu, mchungaji ndiye atakayekula mavuno na mama ndiye atakayelipa rejesho. Mchungaji naye atoe zaka yake watu wakijua kwamba hutoa. Walawi wa kitabu cha Hesabu walipokea zaka na bado wakaitolea zaka.

Je, awaambie washarika habari za deni? Sasa hivi hapana. Amwambie mzee mmoja wa kanisa, yule anayenyamaza vikao vyote na shamba lake halina magugu. Likishaisha, siku atakayokuwa tayari, atasimama aseme: na mimi nilikopa. Nadhani siku hiyo watu watatu watamfuata nyuma ya kanisa, na mmoja wao atakuwa mwenyekiti wa kamati ya fedha.

Niandikie tena baada ya miezi mitatu. Usinieleze kama mmemaliza kulipa, najua hamtakuwa mmemaliza. Niambie mlibishana ukurasa gani wa kaunta buku, na yale makochi mliyauza shilingi ngapi.