Pikipiki Iliyokaa Muda Mrefu Isipotulia: Mambo ya Kuchunguza Kabla ya Kununua Kabureta Mpya

Pikipiki inayobeba abiria kila siku huchakaa matairi, mnyororo na breki. Ile inayokaa barazani chini ya turubai, ikisubiri mwenyewe arudi likizo au mvua za masika zipite, huchakaa mahali pasipoonekana. Siku inapotolewa, huwaka baada ya kiki nyingi, na hunguruma vizuri mradi mkono umevuta mafuta; kishikio kikiachiwa tu, hutetemeka na kuzima. Mafundi husema pikipiki hiyo haina silensa, yaani injini haiwezi kujizungusha taratibu yenyewe wakati chombo kimesimama.

Mlaji asilichukulie jambo hili kuwa ni kero ndogo. Pikipiki inayozima kila mafuta yanapoachiwa itazima pia kwenye makutano ya barabara, pengine katikati ya njia, wakati dereva anakata kulia na lori linakuja mbele yake. Kuna na hasara ya mfukoni: hili ni miongoni mwa matatizo ambayo mwenye chombo huuziwa vipuri asivyovihitaji, kwa sababu dalili ni moja na visababishi ni vingi. Somo hili linahusu pikipiki ndogo za silinda moja zenye kabureta, za ukubwa wa takribani sentimita za ujazo 100 hadi 150, ambazo ndizo nyingi katika miji na vijiji vyetu. Pikipiki isiyo na kabureta, ambayo mafuta yake hupulizwa kwa mfumo wa kielektroniki, ipelekwe kwa fundi mwenye kifaa cha kuusoma mfumo huo.

Kwa nini silensa ndiyo huharibika kwanza

Ndani ya kabureta mna njia zaidi ya moja ya petroli. Dereva anapovuta mafuta, petroli hupita kwenye jeti kubwa. Anapoachia, mlango wa hewa hujifunga karibu wote, na injini hubaki ikilishwa na njia moja nyembamba yenye jeti ndogo, ambayo tundu lake halifiki nusu ya milimita. Unywele mnene unalitosha kulipunguza.

Sasa fikiri juu ya petroli iliyoachwa humo kwa miezi mitatu au minne. Bakuli la kabureta hubeba petroli kidogo sana, na sehemu zake nyepesi huruka hewani upesi. Kinachobaki ni kizito, chenye harufu kali ya uchachu, na mwishowe hugeuka kuwa utando wa rangi ya kahawia unaonata kama gundi. Utando huo huziba jeti ndogo kwanza, na jeti kubwa huendelea kupitisha mafuta. Ndiyo maana pikipiki hiyo hiyo hukimbia vizuri barabarani na kushindwa kusimama mbele ya nyumba.

Tangi nalo lina maradhi yake. Likiachwa nusu, hewa iliyo juu ya petroli hupoa usiku na kuacha matone ya maji kwenye ukuta wa chuma. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo hushuka chini, huleta kutu, na hatimaye hufika kwenye kabureta. Wakazi wa Pwani, ambako hewa ina unyevu na chumvi, wanalijua hili zaidi ya wale wa Dodoma au Singida.

Kuchunguza bila kufungua chochote

Toa pikipiki nje. Injini isiwashwe chumbani au kwenye stoo iliyofungwa, kwa maana moshi wake una gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua. Sigara, jiko na kibatari vikae mbali muda wote wa kazi hii.

Anza na choki. Washa injini, iache ipate joto kwa dakika chache, kisha jaribu kuituliza. Ikiwa inatulia choki ikiwa imevutwa tu, na huzima choki inaporudishwa, basi injini inapata hewa nyingi kuliko petroli. Shuku jeti ndogo kuziba, au hewa kuingia mahali pasipostahili, hasa kwenye mpira unaounganisha kabureta na injini, ambao hupasuka kwa kukaa na kukauka. Paka maji ya sabuni kwa brashi kuzunguka mpira huo injini ikiwa inanguruma, ukichunga bomba la moshi lisikuunguze. Mngurumo ukibadilika pale maji yanapogusa, ufa umepatikana, na mpira ni wa bei nafuu kuliko kabureta.

Ikiwa choki inaizidishia injini ugonjwa, na moshi unatoka mweusi wenye harufu ya petroli, basi hali ni kinyume: petroli imezidi. Huenda choki imekwama nusu, huenda kichujio cha hewa kimejaa vumbi au panya amekifanya kiota (hili si mzaha, panya hupenda sana sanduku la kichujio cha pikipiki iliyolala), au huenda boya la kabureta limekwama na petroli inafurika.

Injini ikitulia kwa dakika kadhaa kisha ikafa kidogo kidogo, fungua mfuniko wa tangi na uwashe tena. Ikiwa sasa inaendelea, kitundu cha hewa cha mfuniko kimezibwa na uchafu au na nyigu, na petroli ilikuwa haishuki.

Petroli, plagi na betri

Zima injini na uiache ipoe. Funga koki ya mafuta, weka chupa ya kioo chini ya kabureta, kisha legeza skrubu ya kumwagia iliyo chini ya bakuli. Iache chupa itulie kwa dakika chache na uitazame kwenye mwanga. Petroli njema ni angavu. Ukiona tabaka mbili, la chini ni maji. Ukiona chembe nyekundu, tangi lina kutu, na kusafisha kabureta peke yake kutakurudisha kwa fundi baada ya wiki moja. Petroli mbovu usiimwage mtaroni wala karibu na kisima, na usiivute kwa mdomo kwa mpira kama ilivyo desturi ya wengi.

Kwa pikipiki iliyokaa miezi mingi, mwaga petroli yote ya zamani, tia mpya lita moja au mbili, na ujaribu tena kabla ya kugusa kingine. Ikiwa utando haujawa mgumu, mara nyingine petroli mpya na safari ya nusu saa hutosha.

Plagi husema mengi kwa rangi yake. Ya kahawia ni nzima. Nyeupe iliyokauka huonyesha petroli kupungua. Nyeusi yenye masizi huonyesha petroli kuzidi. Yenye majimaji ya oili huonyesha kwamba injini inakula oili, na hilo ni jambo la fundi. Plagi mpya ni kipuri cha bei ndogo, kwa hiyo ikiwa ya zamani imechoka, ibadilishe kwa namba ile ile iliyoandikwa katika kitabu cha pikipiki. Betri nayo hujimaliza yenyewe ikikaa bila kuchajiwa. Katika baadhi ya pikipiki umeme wa plagi huitegemea, nayo ikiwa dhaifu cheche hukosa nguvu hasa mizunguko inapokuwa midogo. Honi inayokoroma ni ishara tosha.

Skrubu ambayo kila mtu hukimbilia

Kwenye kabureta kuna skrubu ya kupandisha silensa, na jirani wa kwanza atakayefika ataikaza. Injini itaacha kuzima, nanyi mtafurahi, lakini ugonjwa mtakuwa mmeuficha. Mafuta yatatumika zaidi, gia ya kwanza itaingia kwa kishindo, na dereva akiachia mafuta kwenye mteremko chombo hakitapunguza mwendo kama alivyozoea. Silensa ya pikipiki nyingi za aina hii huwa karibu na mizunguko 1,200 hadi 1,500 kwa dakika, na kiasi halisi kimo katika kitabu chake. Irekebishwe injini ikiwa na joto, baada ya chanzo kuondolewa.

Skrubu ya pili, inayopima mchanganyiko wa hewa na petroli, ni ya kuhofiwa zaidi. Katika kabureta moja kuifungua huongeza hewa, katika nyingine huongeza petroli. Anayetaka kuigusa aikaze kwanza polepole hadi ikome, akihesabu mizunguko, aandike hesabu hiyo, kisha airudishe ilipokuwa.

Ikiwa yote haya hayakusaidia, kabureta ifunguliwe na kuoshwa kwa dawa yake, na kila kijia kipulizwe kwa hewa. Jeti ndogo isichokonolewe kwa waya wa chuma, kwa sababu tundu likipanuka halirudi. Baada ya hapo fundi apime nafasi ya tapeti, maana valvu iliyokazwa mno huiharibu silensa hata kabureta ikiwa safi.

Mbele ya fundi na muuza vipuri

Mweleze fundi dalili, usimwambie dawa. Ukisema "niwekee kabureta mpya", umemlipia uamuzi ambao huenda si sahihi, na lawama itakuwa yako. Sema kwamba pikipiki imelala kwa muda gani, inatulia kwa choki au haitulii, na kwamba petroli umekwisha badili. Ulizia gharama ya kuosha kabureta peke yake na upatane nayo kabla ya spana kushikwa. Kipuri chochote kikibadilishwa, dai cha zamani. Ni mali yako, na ndicho ushahidi wako.

Kabureta asilia iliyooshwa vizuri, kwa maoni yetu, ni bora kuliko mpya ya bei ya kutupa. Nyingi kati ya hizi za bei ya kutupa huja na jeti zisizolingana na injini husika, na mwenye pikipiki hubaki akikaza na kulegeza skrubu mwaka mzima. Ukilazimika kununua, linganisha namba zilizochongwa kwenye kabureta na kwenye jeti zake na zile za kabureta ya zamani, tazama chapa iliyokosewa herufi kwenye boksi, na udai risiti yenye jina la kipuri, si neno "vipuri" tu.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara wa Tanzania kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa au huduma. Aliyeuziwa kipuri bandia kwa jina la asilia anaweza kulifikisha lalamiko lake kwa Tume ya Ushindani. Anayeshuku kwamba maji aliyoyaona kwenye chupa yalitoka katika kituo cha mafuta, si katika tangi lake, alifikishe kwa EWURA. Katika hali zote mbili aende na risiti na kipuri chenyewe, au sampuli ya petroli katika chupa ya kioo iliyofungwa vema na kuandikwa tarehe. Sampuli hiyo ichukuliwe siku ile ile ya kujaza, kwa kuwa petroli iliyokaa tangini miezi mitatu haiwezi tena kuonyesha maji yaliingilia wapi.

Pikipiki itakaporudishwa chini ya turubai, funga koki ya mafuta huku injini ikinguruma na uiache izime yenyewe, ili bakuli la kabureta libaki tupu. Tangi la chuma lijazwe karibu lote, na waya mmoja wa betri ufunguliwe, ule wa hasi.