Kitenzi "get" na Neno Linalokifuata

Anayetaka kukimudu kitenzi cha Kiingereza "get" hana budi kuacha kukariri orodha ya maana zake na kuanza kulitazama neno linalokifuata, kwa kuwa kitenzi hicho kikisimama peke yake hakisemi mengi. Kiliingia Kiingereza kutoka Kinorsi cha kale, lugha ya mabaharia wa Skandinavia waliofanya makazi kaskazini na mashariki mwa Uingereza kuanzia karne ya 9, kikiwa na maana ya kupata, na maana hiyo, inayojitokeza kinapofuatwa na nomino, haihitaji maelezo marefu.

Kikifuatwa na kivumishi, yaani neno linalotaja sifa, hakuna kinachopatikana, bali mtu au kitu huingia katika hali mpya: "get wet" ni kulowa, "get tired" ni kuchoka, "get angry" ni kukasirika. Kikifuatwa na mahali, kama katika "get home", ni kufika.

Ugumu wenyewe umo katika umbo la kitenzi kama "sewn" au "arrested", linaloonyesha tendo lililokwisha kutendwa. Umbo hilo likifuata moja kwa moja, jibu mara nyingi ni kauli ya kutendwa, hivyo "he got arrested" ni alikamatwa. Nomino ikikaa katikati, mambo hugeuka: "she got a dress sewn" si "alipata gauni lililoshonwa", kosa linaloudhi kwa sababu Kiswahili kina neno moja timamu la jambo hilo, alishonesha gauni, kama vile mwenye nyumba aliyemwita fundi wa paa alivyoezekesha. Kauli hiyo ya kutendesha, ambayo humfanya mtenda awe msababishi wa kazi ya mwingine, ndiyo hazina ambayo wafasiri wengi huiacha ikiwa imelala. Hata hivyo haitoshi kila mahali, kwani "get the child to eat" hubeba juhudi na ubembelezaji ambao neno "kulisha" haliuonyeshi, na hapo ni afadhali kusema "kumshawishi mtoto ale". Nayo "get married" humlazimu mfasiri kuuliza ni nani anayezungumziwa, maana mwanamume huoa, mwanamke huolewa, na wawili huoana.

Vijikamusi vya mfukoni vinavyouzwa kwenye vituo vya mabasi, ambavyo huandika "pata, fika, kuwa" bila sentensi hata moja, havistahili fedha ya mwanafunzi. Kinachofaa ni kamusi ya wanaojifunza lugha, ya aina aliyoiasisi A. S. Hornby, mwalimu Mwingereza aliyekwenda Japani mwaka 1924, ambaye kamusi yake iliyotoka Tokyo mwaka 1942 ilionyesha kila kitenzi pamoja na mpangilio wa maneno yanayokifuata, na mpangilio huo ndio hasa mwanafunzi wa "get" anaouhitaji.

Kuhusu "get up", "get over" na wenzake, kila kimoja kijifunzwe kama kitenzi kipya. Jambo moja zaidi huwasumbua wanaosoma maandishi ya Marekani: huko "I've got a car" ni nina gari, lakini "I've gotten a car" ni nimepata gari, tofauti ambayo Mwingereza wa leo, asiyetumia "gotten", hana budi kuieleza kwa njia nyingine.